Darizi kwenye raba na mikoba: dalili, chanzo na marekebisho

Wengi wanaodarizi raba na mikoba Arusha na Moshi mikono yao ilifunzwa na foronya na vitambaa vya makochi. Ndiyo maana makosa yao yanafanana. Kitambaa cha kochi ni tabaka moja, kinatandikwa, kinatulia. Raba ni tabaka mbili au tatu za turubai zilizogandishwa kwa gundi, ina umbo lake tayari, ina kona ambazo vidole haviingii, inakunjwa kila hatua, na kwa ndani inasuguliwa na mguu wenye jasho. Mkoba nao unabeba uzito, unasuguana na nguo, unasukumwa chini ya kiti cha daladala. Matatizo yanayojirudia karibu yote yana mzizi mmoja: kitu kimedariziwa kana kwamba ni foronya.

Kila dalili hapa inaanza na chanzo kinachotokea zaidi, kisha vile vya nadra. Kagua kwanza kwa macho na vidole. Kufumua kuwe hatua ya mwisho, maana tundu ulilotoboa kwenye turubai yenye gundi, au kwenye reksini, yaani ngozi bandia, halijifungi kama la kitambaa.

Sindano haipiti, inapinda au inavunjika

Kabla ya kulaumu sindano, kagua mahali. Ingiza vidole viwili ndani ya kiatu, vingine viwe nje, kisha binya polepole kutoka kwenye ulimi hadi kisigino. Ulimi na ubavu wa katikati ni laini. Karibu na matundu ya kamba kuna ukanda wa kuongeza nguvu. Kwenye pua na kisigino mara nyingi utahisi kitu kigumu, plastiki au kadibodi iliyonyweshwa gundi, na hapo sindano ya kawaida haina kazi. Anayeanza adarizi ulimi na ubavu tu. Acha nusu sentimita kutoka kwenye mpira wa soli, na nusu nyingine kutoka kwenye vyuma vya matundu ya kamba. Mpira hung'ang'ania sindano, na ukiutoboa pale unapokutana na turubai umefungulia maji na mchanga njia ya kuingia. Soli huanza kuachia hapohapo.

Mahali pakiwa sahihi na bado haipiti, chanzo cha pili ni unene wa sindano. Wengi hutumia sindano ya kushonea nguo, ambayo ni nyembamba mno na tundu lake ni dogo. Namba za sindano za kudarizi huenda kinyume na matarajio: namba ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. Kwa turubai ya raba tafuta namba 3 hadi 5, au ile fupi nene yenye tundu refu na ncha kali, namba 18 hadi 22. Kuna nyingine inayofanana nayo kabisa ila ncha yake ni butu. Hiyo ni ya uzi wa sufu na vikapu, na kwenye turubai itakuchosha bure. Kwa ngozi halisi ipo sindano yenye ncha ya pembetatu, ambayo hukata badala ya kusukuma.

Chanzo cha tatu ni ncha iliyochoka. Pitisha sindano kwenye soksi kuukuu ya nailoni. Ikivuta nyuzi, itupe. Sindano moja ikimaliza jozi ya raba imefanya kazi yake.

Marekebisho, kwa kufuata urahisi:

1. Choma sindano kwenye kipande kikavu cha sabuni ya mche kila baada ya mishono kumi hivi. Inateleza.
2. Vaa subana kwenye kidole kinachosukuma. Kwa kuvuta, shika sindano kwa kipande cha puto au glovu ya mpira. Mshiko wake ni mzuri kuliko vidole vitupu.
3. Ikikwama, tumia plaizi ndogo. Shika karibu na ncha na uvute kwa kunyoosha. Anayeshika katikati na kutikisa kulia na kushoto ndiye anayebaki na nusu ya sindano.
4. Pakiwa pagumu zaidi, toboa matundu yote kwanza bila uzi, kisha urudi na uzi.

Mahali mkono usipoingia, kama mbele karibu na vidole, acha mtindo wa kuzamisha sindano ndani na kuipokea. Chota: ncha iingie na kutoka upande wa nje kwa mkupuo mmoja. Sindano ya kupinda wanayotumia mafundi wa makochi hufanya kazi hii vizuri sana.

*Simama hapa.* Sindano ikivunjika, tafuta vipande vyote na uvipange mezani hadi vitimie sindano nzima. Sumaku ya spika mbovu husaidia kuvuta kilichojificha kati ya tabaka. Kiatu kisivaliwe, hata kwa kujaribu, mpaka kipande kipatikane. Kipande kikibaki kwenye nyama ya kidole usichokonoe, nenda kituo cha afya. Vivyo hivyo ukijichoma kwa kina wakati wa kudarizi kiatu cha mtumba ambacho hujui kimepita wapi: osha kwa maji na sabuni, kisha uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Pua yenye plastiki, kisigino kigumu na ngozi nene ni kazi ya kumpelekea fundi viatu akutobolee. Usimwambie tu "fundi, nitobolee hapa." Mpelekee nukta zilizochorwa, zikiachana milimita 3 au 4, na umwonyeshe unene wa sindano yako, la sivyo atatoboa tundu la uzi wake wa soli na darizi yako itaning'inia humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babu.

Uzi unatoa manyoya, unajisokota, unakatika

Karibu kila mara ni urefu. Mshono mmoja ukila sentimita moja ya uzi, uzi wa sentimita 90 utakuwa umepenya turubai zaidi ya mara 80 kabla haujaisha, na kila mara unasuguliwa na gundi iliyokauka. Sehemu iliyo karibu na sindano ndiyo inayoumia. Kipimo cha wazee kinatosha: kata mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kwenye ngozi, punguza zaidi.

Cha pili ni tundu la sindano kuubana uzi. Uzi ukiingia kwa kulazimishwa, utakwaruzwa na chuma mpaka uchakae. Tena sindano yenyewe ndiyo inayoufungulia uzi njia kwenye turubai. Ikiwa nyembamba kuliko uzi, uzi unajipasulia njia wenyewe.

Cha tatu ni kujisokota. Kila baada ya mishono michache inua kazi, acha sindano ining'inie, itajizungusha na kutulia. Kitita cha uzi wa pamba wa kudarizi kwa kawaida kina nyuzi 6 zilizolala pamoja, urefu wa mita 8. Kwenye raba tumia 3 au 4. Zichomoe mojamoja kisha uziunganishe tena. Ukizichomoa tatu kwa pamoja zitafunga fundo katikati ya kitita. Zote sita kwa mkupuo zinaonekana nene na za kupendeza siku ya kwanza, lakini juu ya kiatu ndizo zinazonasa miba na kokoto.

Nta ya nyuki husaidia. Uburuze uzi juu ya nta mara mbili, kisha uupitishe kati ya vidole ili ziada itoke. Tahadhari mbili. Nta ikizidi hufifisha mng'ao wa uzi na kudaka vumbi, na kwa vumbi la kiangazi lililopo huku rangi ya njano itakuwa kahawia baada ya wiki. Pia usipige pasi juu ya uzi wenye nta, itayeyuka na kuacha doa la mafuta.

Uzi ukikatika kila mara hata baada ya hayo, vuta kipande kitupu kwa mikono. Kikikatika bila kutoa upinzani, uzi wenyewe umeoza kwa kukaa juani dirishani dukani. Hauna dawa. Nyuzi za dhahabu na fedha zibaki kwenye mkoba, tena kwa vipande vya sentimita 30. Kwenye kiatu hazidumu.

Kitambaa kimejikunja au kimevutika kuzunguka ua

Hili ni la mikoba zaidi, hasa ya kitenge na ya turubai nyepesi. Chanzo kikuu ni mkono unaokaza. Pitisha ncha ya sindano chini ya mshono mmoja. Isipoingia kabisa, umekaza mno. Mshono unatakiwa ulale juu ya kitambaa, usikizamishe.

Chanzo kinachofuata ni kukosa kitu cha kushikilia nyuma. Kitenge ni chepesi, hakibebi ua lililojazwa nyuzi bila msaada. Nunua kile kitambaa chenye gundi upande mmoja ambacho mafundi cherehani hubandika kwa pasi ndani ya kola, kata kipande kinachozidi mchoro kwa sentimita 2 kila upande, ukibandike upande wa nyuma kabla ya kuanza. Pasi iwe ya moto wa wastani, ikandamizwe sekunde 10 hadi 15 bila kuburuzwa.

Halafu kuna mkoba ambao haukufuliwa kwanza. Turubai ya pamba husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza, uzi hausinyai kwa kiwango hichohicho, na ua linabaki limevimba katikati ya mikunjo. Mkoba mpya wa pamba ufuliwe na kukaushwa kabla ya kudariziwa.

Fremu ya duara nayo ina lawama zake. Ukivuta turubai ikaze kama ngoma kwa kuishika pembeni baada ya kufunga skrubu, unakuwa umeinyoosha mshazari, na ukiifungua inarudi ilikokuwa na mishono yako inarudi nayo. Kwenye reksini na ngozi usitumie fremu kabisa, alama ya duara haitoki. Kwa kiatu, fremu yako ni magazeti au soksi kuukuu zilizojazwa ndani mpaka umbo lisimame. Unapotaka kuingiza mkono, chomoa kidogo upande huo tu.

Mkunjo mdogo hurekebishika: lowesha kidogo, laza ua kifudifudi juu ya taulo nene, piga pasi kutoka nyuma. Taulo huzuia mishono isilale bapa. Mkunjo mkubwa hautoki kwa pasi. Fumua ua hilo moja, acha kitambaa kilale usiku mzima, kisha rudia ukiwa na kitambaa cha gundi nyuma.

Darizi imelegea, imenasa au imetoa vitanzi baada ya kuvaliwa

Vaa kiatu kabla ya kuchora, simama kwa vidole, mwenzako apake chaki kwenye mikunjo yote inayotokea. Hiyo ni ramani yako. Mshono wa kujazia, ule wa nyuzi zinazolazwa sambamba kufunika umbo zima, ukikatiza mstari wa mkunjo utalegea hata ukiwa umeufanya vizuri kiasi gani, kwa sababu kila hatua inaufungua na kuufunga. Pitisha hapo mshono wa mnyororo (vitanzi vinavyoshikana) au mshono wa kurudi nyuma (kila hatua inarudi ilipoishia iliyotangulia) wenye hatua fupi za milimita 3 au 4, au paache wazi. Mpangilio mzuri ni ule unaokwepa mkunjo, si ule unaoushinda.

Sababu nyingine ni urefu wa mshono. Petali pana iliyojazwa kwa nyuzi za sentimita moja na nusu inapendeza kwenye foronya. Kwenye mkoba itanasa kwenye zipu, kwenye bangili, kwenye kikapu cha jirani. Usizidishe milimita 7. Petali ikiwa pana zaidi, igawe katikati kama mshipa wa jani, au jaza kwa safu zinazoingiliana.

Kitanzi kikishatokea, usikate. Ukikata, safu nzima itaanza kufunguka. Chukua sindano nyembamba, izamishe chini ya kitanzi, kivute hadi upande wa nyuma, kisha ukibane huko kwa mishono miwili midogo ya uzi mwingine.

Kwenye mkoba, kagua pia darizi iliyo karibu na mkanda. Uzito wa mahindi mabichi na ndizi za soko la Mbuyuni unavuta kitambaa kuanzia pale mkanda uliposhonwa, na mishono iliyo ndani ya sentimita 3 inavutwa pamoja nacho. Mkanda ukianza kuachia, usiufiche kwa ua. Mpelekee fundi cherehani aushone upya kwa mraba wenye msalaba ndani, kisha ndipo udarizi.

Kiatu kinachubua mguu

Vifundo. Hakuna haja ya kutafuta mbali. Fundo la uzi ndani ya raba ni kama punje ya mchele ndani ya soksi. Kwenye kiatu hatufungi fundo: acha mkia wa sentimita 5 unapoanza, ushike kwa kidole, mishono ya kwanza minne au mitano ipite juu yake. Unapomaliza, pitisha sindano chini ya mishono ya nyuma kwa sentimita 2, rudi kinyume mara moja, kata.

Vifundo vikiwa tayari vipo, geuza ulimi nje, vipitishe vyote kidole. Vinavyohisika vifunguliwe na mkia uzamishwe. Kisipofunguka, funika: kata kipande cha ngozi laini au pamba nzito, kingo zake zikatwe mviringo bila pembe, kibandike kwa gundi ya viatu iliyopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke mpaka isishike kidole ndipo ukandamize. Gundi hiyo inashika moto haraka na harufu yake inalewesha, kwa hiyo fanya kibarazani, mbali na jiko la mkaa au la gesi. Na usiunguze ncha za uzi kwa kiberiti ndani ya kiatu ambacho gundi yake bado mbichi.

Wakati mwingine si fundo bali darizi yenyewe kuwa nene nyuma ya kisigino. Hapo hakuna pamba itakayosaidia, fumua. Mwenye kisukari asivae kiatu chenye uvimbe wowote ndani, hata kidogo, kwa sababu anaweza kupata kidonda bila kuhisi maumivu. Lengelenge lenye usaha au wekundu unaosambaa ni la kuonyesha hospitali, si la kubandikia plasta na kuendelea kukijaribu kiatu.

Rangi imechuja kwenye turubai

Nyekundu, zambarau, bluu nzito na nyeusi ndizo wachokozi. Jaribio ni la dakika mbili: lowesha pamba nyeupe, ikandamize juu ya uzi kabla ya kuutumia. Ikipata rangi, loweka kitita chote kwenye maji baridi, badilisha maji mpaka yabaki meupe, anika kivulini.

Rangi ikichuja kwenye kazi iliyokwisha, la muhimu ni kutoiacha ikauke. Isuuze mara moja chini ya maji baridi yanayotiririka, kutoka nyuma kwenda mbele, uendelee hata kama inaonekana haisaidii. Kisha kandamiza kwa taulo nyeupe. Usitumie maji ya moto, usipige pasi, usianike juani mpaka doa liishe, kwa kuwa joto huligandisha. Jiki usiifikirie: inakula rangi za uzi na inadhoofisha pamba. Doa lililokauka wiki nzima halitatoka kwa kusuuza. Lidarizie jani juu yake.

Alama za mchoro hazitoki

Mara nyingi mtu amechora kwa kalamu ya wino ya shule. Wino huo husambaa kwenye uzi ukilowa, na haufutiki kirahisi. Karatasi ya kaboni nayo huacha masizi yenye mafuta. Tumia chaki ya fundi kwa turubai nyeusi, penseli ngumu iliyochongwa vizuri kwa nyeupe, au kalamu ya kufutika kwa maji. Hiyo ya maji ifutwe kabla pasi haijagusa, vinginevyo alama inakaa.

Ipo na kalamu ya kufutika kwa joto, inayopotea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Kwa kiatu tumia draya ya nywele badala ya pasi. Wino wake huweza kurudi baridi ikifika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, jambo ambalo halitatokea mitaa ya Majengo wala Sakina, lakini anayemdarizia mpagazi au mpanda mlima raba za kambini alifikirie.

Raba nyeupe imekuwa ya njano baada ya kufuliwa

Sabuni haikutoka yote, au iliwekwa jiki, au ilianikwa juani. Tope likauke kabisa kwanza, lipukutwe kwa mswaki mkavu. Tope jekundu la masika likisuguliwa bichi linazama ndani ya uzi na haling'oki. Kisha osha turubai kwa sabuni laini na mswaki, ukiizunguka darizi. Juu ya darizi kandamiza tu kwa sponji. Suuza mara tatu. Funika turubai yote kwa tishu nyeupe iliyoloa, ikaukie juu yake kivulini: njano inapanda kwenye tishu badala ya kubaki kwenye kiatu. Gazeti lisiingie ndani ya raba nyeupe mbichi, wino wake unahama. Arusha mwezi Juni na Julai, kwa baridi na mawingu yale, kiatu kinahitaji siku mbili au tatu. Ukikivaa bado kina unyevu, ukungu utaanzia nyuma ya mishono, usikouona.

Reksini au ngozi imechanika kufuata mshono

Matundu yamekaribiana mno. Umetengeneza safu ya vitundu kama ya stempu, nayo stempu kazi yake ni kuchanika. Kwenye reksini acha angalau milimita 3 kati ya tundu na tundu, kwenye ngozi nyembamba 3 hadi 4, na usirudie tundu lilelile kwa nyuzi nyingi. Mshono wa kujazia haufai hapa. Chagua mishono ya mistari: mnyororo, shina (hatua zinazoegemeana kama kamba iliyosokotwa), kurudi nyuma.

Mpasuko mfupi unaweza kuwekewa kipande cha turubai nyembamba chenye gundi kwa nyuma kisha ukadarizia juu ya turubai hiyo, mishono ikipita pande zote mbili za mpasuko. Mpasuko uliofika kwenye zipu au mkanda ni wa fundi.

Lakini kabla ya yote chunguza reksini ya mtumba. Mkoba wa soko la mitumba la Memorial au Kiboriloni unaweza kung'aa vizuri nje huku tabaka la juu limeshaanza kufa. Ukunje kwa nguvu mahali pasipoonekana, chini au ndani ya kifuniko. Ukitoa nyufa ndogo, unga au magamba, urudishe ulipoutoa. Utabambuka wenyewe baada ya muda, sindano itaharakisha tu, na hakuna gundi wala rangi inayozuia.

Shanga zinadondoka

Kingo za shanga za kioo hukata uzi wa pamba. Tumia uzi wa nailoni au polista, kila shanga ipitishwe mara mbili, na baada ya kila shanga tano zamisha sindano nyuma ufunge, ili uzi ukikatika upoteze tano na si hamsini. Mshipi wa kuvulia una nguvu lakini fundo lake linateleza. Shanga zikae ubavuni juu, mbali na mkunjo na mbali na mahali kiatu kimoja kinapousugua mwenzake.

Kikapu cha ukili kinapasuka

Kimekauka. Kifunike kwa kitambaa kilicholoa kwa nusu saa, tumia sindano butu na uzi wa sufu, pitisha kati ya msuko na msuko, usiutoboe ukili wenyewe. Kikaushe kivulini kikiwa kimejazwa nguo ili kisipinde. Kilichokwisha kupasuka, shona msuko wenye afya wa juu na wa chini yake pamoja kwa uzi wa sufu, na nyufa itajificha.

Kulia na kushoto havifanani

Mchoro ulinakiliwa bila kugeuzwa. Chora ua moja kwenye karatasi nyembamba, lipake penseli pande zote mbili, kisha litumie kawaida kwa kulia, na uigeuze karatasi upande wa pili kwa kushoto. Pima kutoka tundu la kwanza la kamba hadi ukingo wa mchoro, si kutoka soli, maana urefu wa mpira wa soli hutofautiana kidogo hata kwenye jozi moja. Darizi kipande kimoja kulia, kilekile kushoto, kisha uendelee. Anayemaliza mguu mzima kwanza atakuta mkono umebadilika alipofika wa pili.

Mkono hauingii mfukoni mwa mkoba

Umeshona bitana pamoja na turubai. Fumua mishono iliyokamata, kisha fungua bitana kwa chini, kwenye mshono wake, sentimita 15 zinatosha mkono kupita. Darizi turubai peke yake, uifunge bitana kwa mshono wa kuficha. Kama bitana imebandikwa kwa gundi badala ya kushonwa, usiing'oe; darizi kipande cha turubai pembeni, kunja kingo zake, kishone juu ya mkoba kama kiraka.